Dawa za Mitishamba kwa Maumivu ya Viungo: Kilichothibitishwa, Kinachodaiwa na Kinachofichwa

Katika masoko na vituo vya mabasi vya miji mingi ya Afrika Mashariki huuzwa chupa za plastiki zilizojazwa maji ya kahawia yaliyochemshwa kwa mizizi na magome, na ubavuni pamebandikwa karatasi inayosema kwamba dawa hiyo hutibu baridi yabisi, jongo, mgongo, nyonga, ganzi na miguu kuwaka moto. Kwa kawaida karatasi hiyo haitaji jina la mmea uliotumika, kiasi kilichotiwa, tarehe ya kutengenezwa, wala mtu asiyepaswa kuinywa. Maelekezo huishia kwenye kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Wanaoinunua si wajinga, wala si watu wanaoichukia hospitali. Wengi wao wamekwishapita huko, wakapewa vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni, wakapata nafuu kwa majuma kadhaa, kisha tumbo likaanza kuwachoma au fedha ya kununulia dawa ikakatika, na maumivu yakarudi pale pale yalipokuwa. Mtu asiyeweza kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa mkono hana anasa ya kusubiri wataalamu wamalize mabishano yao.

Kwa sababu hiyo, swali la kama mitishamba inafaa au haifai kwa jumla halimsaidii mgonjwa yeyote. Maswali yenye manufaa ni haya: ni mmea gani, kwa maradhi yapi, kwa kiasi gani, na ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya dawa anayouziwa.

Maradhi mengi chini ya jina moja

Kinachoitwa baridi yabisi mitaani hukusanya maradhi yasiyofanana hata kidogo. Yaliyoenea zaidi ni ulikaji wa viungo, ambao madaktari huuita osteoathritisi: gegedu, yaani tabaka laini lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa mahali inapokutana, hulika taratibu, mfupa ulio chini yake hubadilika umbo, na goti au nyonga huuma hasa mtu anapotembea au anapopanda ngazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya, asilimia 60 kati yao wakiwa wanawake, na kwamba goti ndilo kiungo kinachoathirika zaidi.

Athritisi ya rumatoidi ni jambo jingine kabisa. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, humgeukia mwenyewe na kuushambulia utando wa ndani wa kiungo, hata vidole na vifundo vya mikono yote miwili vikavimba, vikawa na joto na kukakamaa asubuhi kwa saa moja au zaidi. Shirika hilo hilo lilikadiria wagonjwa milioni 18 kwa mwaka 2019, na takribani asilimia 70 yao ni wanawake.

Jongo nalo hutokana na asidi ya yuriki kuzidi katika damu na kuganda kama chembe zenye ncha kali ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na maumivu yake huanza ghafla usiku kwa ukali usiomithilika. Vipo pia virusi vya chikungunya vinavyoenezwa na mbu, ambavyo mlipuko wake wa kwanza kuandikwa kitabibu ulitokea katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953, na ambavyo mwaka 2004 viliikumba Lamu na Mombasa. Homa yake hupita katika siku chache, lakini viungo vinaweza kuuma kwa miezi. Mtoto anayelalamika kwamba magoti yanamuuma anaweza kuwa na selimundu au homa ya rumatiki, na hii ya pili, isipotibiwa, inaweza kuharibu vali za moyo.

Ni vigumu kuamini kwamba mchemsho mmoja unaweza kuyamaliza yote haya, na wakati mwingine kinacholetwa kama tiba huongeza tatizo. Supu nzito ya nyama iliyochemshwa pamoja na magome, inayopendwa katika jamii nyingi za wafugaji kwa kuupa mwili nguvu, ina viasili viitwavyo purini ambavyo mwilini hugeuka kuwa asidi ya yuriki, kwa hiyo mwenye jongo anayeinywa kama dawa huuchochea ugonjwa wake kwa bakuli lile lile analolitegemea.

Dawa za hospitali zilianzia mimeani

Daktari anayezibeza dawa za miti shamba mbele ya mgonjwa husahau asili ya vidonge anavyoviandika. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Jumuiya ya Kifalme ya London kueleza jinsi unga wa magome ya mwerebi ulivyowapunguzia homa watu aliowapa. Mwaka 1828 mkemia Johann Buchner wa Munich alikitenga kiini cha magome hayo, akakiita salisini, na mwaka 1876 Thomas MacLagan, tabibu wa Dundee huko Uskoti, alichapisha taarifa kwamba kiini hicho kiliwatuliza wagonjwa wa homa ya rumatiki waliokuwa na viungo vilivyovimba.

Kutoka katika ukoo huo wa kemikali ndipo kampuni ya Bayer ilipopata aspirini, iliyotengenezwa katika maabara yake mwaka 1897 na kuingia sokoni mwaka 1899. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka 70 kabla ya mtafiti John Vane, mwaka 1971, kuonyesha namna inavyofanya kazi: huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazochochea maumivu, joto na uvimbe mahali palipodhurika. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982, na unaeleza pia kwa nini dawa za kundi hilo hudhuru tumbo, kwa kuwa prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake.

Dawa ya jongo iitwayo kolichisini ina historia inayotisha zaidi. Ilitengwa mwaka 1820 kutoka katika mmea wa Ulaya uliokuwa ukitumiwa kwa jongo kwa karne nyingi, na hadi leo huandikwa na madaktari, lakini dozi inayotibu na dozi inayoua zimekaribiana mno. Sumu hiyo hiyo imo katika viazi vya mmea wenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, uitwao kwa Kilatini *Gloriosa superba*, ambao ni ua la taifa la Zimbabwe na huota pia Afrika Mashariki. Watu wamekufa kwa kula viazi vyake. Anayesema kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru anapaswa kuusoma mmea huu kwanza.

> *Dozi inayotibu na dozi inayoua zimekaribiana mno.*

Manjano na tangawizi

Katika mimea yote inayotajwa kwa maumivu ya viungo, manjano ni miongoni mwa iliyochunguzwa kwa juhudi kubwa zaidi. Kiini chake kinachotafutwa ni kurkumini, ambayo ndiyo inayoipa rangi, na ambayo maabarani imeonekana kuzuia baadhi ya kemikali zinazoendeleza uvimbe. Mwaka 2014 watafiti wa Thailand walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 367 wenye ulikaji wa magoti, ambao kwa majuma manne baadhi yao walipewa dondoo la manjano la miligramu 1,500 kwa siku, na wengine ibuprofeni ya miligramu 1,200. Nafuu katika makundi hayo mawili ilikaribiana, na waliotumia manjano walikuwa na malalamiko machache kuliko wenzao kuhusu maumivu ya tumbo.

Matokeo hayo ni ya kutia moyo, ila yanahitaji kusomwa na mtu anayejua kilichomo jikoni mwake. Dondoo ni kiini kilichokamuliwa na kukolezwa, wakati unga wa kawaida wa manjano una kurkumini ya takribani asilimia 3 tu, hivyo kijiko kimoja cha chai chenye gramu tatu hutoa miligramu zisizofika 100. Atakaye kukifikia kiasi cha jaribio kwa kutumia unga wa sokoni atalazimika kula zaidi ya vijiko kumi kila siku, jambo ambalo hakuna mpishi wala tumbo litakaloliridhia.

Zaidi ya hayo, kurkumini hupenya kwa shida kutoka tumboni kwenda katika damu. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ikichanganywa na piperini, kiini cha pilipili manga, kiwango chake katika damu ya binadamu huongezeka mara 20. Watengenezaji wa vidonge vya manjano wameutumia ujuzi huo, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika: mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza mfululizo wa wagonjwa waliopata homa ya ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano vilivyokolezwa. Manjano ya mchuzini haina hatari hiyo, mradi ni manjano kweli, kwa kuwa mwaka huo huo 2019 watafiti waliripoti kutoka Bangladesh kwamba unga wa manjano ulikuwa ukitiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae.

Tangawizi ina ushahidi wa wastani. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2001 kwa wagonjwa wa goti lilionyesha kwamba asilimia 63 ya waliotumia dondoo la tangawizi kwa majuma sita walipata nafuu wanaposimama, huku asilimia 50 ya waliopewa dawa tupu, yaani kidonge kisicho na kiini chochote, nao wakipata nafuu. Tofauti ya asilimia 13 ipo na si ya kupuuzwa, lakini nusu ya watu waliopona kiasi bila dawa yoyote wanafundisha jambo ambalo kila muuza dawa angepaswa kulijua: maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe, na mgonjwa hununua dawa siku yanapokuwa juu kabisa.

Ubani wa chetezoni na ubani wa maabara

Katika pwani ya Waswahili ubani ni wa kufukiza nyumba, nguo na mikusanyiko ya dua, na wapo wanaouroweka katika maji usiku kucha na kuyanywa alfajiri kwa ajili ya kifua na viungo. Utomvu huo hutoka katika miti ya jamii ya *Boswellia* inayoota Somalia, katika eneo la Dhofar huko Oman, India na kaskazini mwa Kenya, na biashara yake imekuwa ikipita katika bahari hii tangu zama za kale.

Mwaka 2014 mtandao wa watafiti wa Cochrane, unaokusanya na kupima majaribio ya tiba kutoka duniani kote, ulipitia tafiti 49 zilizohusisha watu 5,980 waliotumia mitishamba ya kunywa kwa ulikaji wa viungo. Ubani wa Kihindi, *Boswellia serrata*, ndio uliojitokeza vizuri: waliotumia miligramu 100 za dondoo lake lililokolezwa kwa siku 90 waliyapima maumivu yao kuwa chini kwa pointi 17, kwenye kipimo cha 0 hadi 100, kuliko waliopewa dawa tupu.

Tatizo ni kwamba ubani unaouzwa katika masoko ya Darajani, Zanzibar, au Kongowea, Mombasa, kwa kawaida hautoki India. Spishi za Somalia na Oman ni ndugu wa ule wa Kihindi, lakini mchanganyiko wa asidi zilizomo katika utomvu wao haulingani, na baadhi yao, kama ule mweupe wa kutafuna, karibu hauna asidi hizo zinazotafutwa. Maji ya ubani yana udhaifu wa pili, kwa sababu asidi hizo haziyeyuki vizuri katika maji. Hapa ndipo utafiti wa nyumbani unapohitajika kwa dharura: mmea upo, watumiaji wapo, na swali liko wazi kabisa.

Kupaka na kuchua

Sehemu ya tiba ya asili inayopewa uzito mdogo kuliko inavyostahili ni ile isiyopita tumboni. Mchuaji hodari wa pwani huanza kwa kupasha mafuta ya nazi au ya ufuta hadi yawe vuguvugu, huyatia matone machache ya mafuta ya karafuu, kisha hukaa ubavuni mwa mgonjwa na kulifuata paja kwa viganja kutoka juu kushuka gotini, akiikwepa pia ya goti na kutumia muda mrefu zaidi kwenye msuli ulio juu yake, ambao kwa mwenye goti bovu huwa umenyauka na kukaza. Joto, mwendo na mguso huo huleta nafuu ya kweli, na mazoezi ya kuimarisha msuli huo huo ndiyo yanayopewa nafasi ya kwanza katika miongozo ya kimataifa ya kutibu ulikaji wa magoti.

Mafuta ya karafuu, ambayo Zanzibar huyakamua kutokana na makonyo katika kiwanda cha Wawi, Pemba, yana yujenoli, kemikali inayotia ganzi na ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu. Kwa viungo ushahidi wake ni mdogo, na yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi.

Pilipili ina msingi imara zaidi. Kapsaisini, kiini cha ukali wake, huufungua mlango maalumu katika ncha za mishipa ya fahamu unaopokea hisia ya joto na maumivu, na ikipakwa mara kwa mara ncha hizo huchoka kupeleka habari kwenye ubongo. Ugunduzi wa mlango huo mwaka 1997 ulimpatia mtafiti David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Chuo cha Rumatolojia cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kilikubali krimu ya kapsaisini kwa goti kwa masharti, na kuipinga kwa mikono, kwa kuwa mkono hufika machoni. Krimu hiyo hupimwa kwa uangalifu. Pilipili iliyopondwa nyumbani na kufungwa gotini haina kipimo, na malengelenge yake huchukua muda kupona.

Kidonge kilichosagwa ndani ya mitishamba

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwenye mzizi. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kama virutubisho vya asili kwa jina la Artri King na mengine yanayofanana nalo, baada ya vipimo vya maabara kukuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye lebo. Mamlaka hiyo ilikuwa imepokea taarifa za madhara makubwa, yakiwemo ya ini na hata vifo.

Deksamethasoni ni dawa ya kundi la steroidi, inayofanana na homoni ambayo mwili huitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo, na huzima uvimbe kwa nguvu na kwa kasi ya kushangaza. Mgonjwa aliyekuwa akitambaa huamka siku ya tatu akitembea, huisifu dawa kwa majirani, na biashara hukua kwa ushahidi wake mwenyewe. Kadiri miezi inavyokwenda, uso wake hujaa na kuwa wa mviringo, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, na tezi zake, kwa kuwa hazina kazi tena, hulala. Akiiacha dawa ghafla mwili hukosa homoni hiyo muhimu, na anaweza kuzimia au kufa bila yeyote kujua sababu.

> *Mgonjwa aliyekuwa akitambaa huamka siku ya tatu akitembea, na biashara hukua kwa ushahidi wake mwenyewe.*

Mnunuzi hana njia ya kuitambua steroidi kwa macho, pua wala ulimi. Ishara anayoweza kuishika ni kasi: mimea iliyopimwa kwa uaminifu, kama ubani na tangawizi, hufanya kazi kwa majuma, wala si kwa siku moja au mbili.

Waganga, madaktari na sheria

Waganga wa tiba asili wana malalamiko ya haki. Maarifa yao yamewahi kuchukuliwa bila malipo, mimea yao imeandikwa vitabuni na wataalamu, na wanapoiombea dawa usajili hudaiwa ushahidi wa majaribio ambayo gharama zake hawawezi kuzibeba. Kitabu cha mwanabotania wa Kenya, John Kokwaro, kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1976 kilionyesha ukubwa wa hazina hiyo, na sehemu kubwa ya yaliyomo haijafikishwa kwenye jaribio la wagonjwa hadi leo.

Madaktari nao hawana wasiwasi wa bure. Wao ndio wanaompokea mgonjwa ambaye figo zake zimefeli, na wanapomuuliza alikuwa akitumia nini hawapati jibu linaloweza kuandikwa kwenye faili. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu akiongeza dondoo za tangawizi au manjano, na daktari hawezi kumwonya kuhusu kitu ambacho hakutajiwa kwa kuogopa kufokewa. Lawama ya ukimya huo iko zaidi kwa anayefoka.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga, vituo na dawa zao, na Muhimbili, taasisi ya tiba ya Dar es Salaam, imekuwa na watafiti wa tiba asili tangu miaka ya 1970. Msingi upo. Pengo liko kati ya dawa chache zilizopita katika njia hiyo na chupa nyingi zinazouzwa nje yake, na njia ya haki ya kuliziba ni serikali kugharimia upimaji wa dawa za waganga walio tayari kutaja mimea yao, kwanza kwa sumu na kwa vidonge vilivyofichwa, kisha kwa manufaa, badala ya kuwasubiri walete ushahidi kutoka mifukoni mwao.

Muda unaopotea

Kwa mwenye goti lililolika, kujaribu tangawizi kwa majuma sita hakuna hasara kubwa. Kwa mwenye athritisi ya rumatoidi majuma na miezi ina bei nyingine, kwa kuwa uharibifu wa gegedu na mfupa huanza mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooshwi na dawa yoyote, ya asili wala ya kiwandani.

Dawa ya msingi ya maradhi hayo ni methotreksati, kidonge kinachomezwa mara moja tu kwa juma, pamoja na asidi ya foliki, huku damu na ini vikipimwa kila baada ya muda uliopangwa. Kuimeza kila siku kwa makosa kumewaua watu, na kuichanganya na dondoo zinazochosha ini humnyima daktari uwezo wa kujua ni kipi kinachodhuru. Mwanamke ambaye vidole vyake vimevimba pande zote mbili kwa zaidi ya majuma sita, na ambaye kila asubuhi hushindwa kufunga vifungo vya nguo kwa muda mrefu, anahitaji kuonwa na daktari na kupimwa damu katika mwezi huo huo, hata kama anaendelea kunywa chai yake ya tangawizi.